Zahanati za Kupanga na Ushuru wa Halmashauri

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wetu katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kwenye bwalo la shule.)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya kazi yangu na maendeleo ya wananchi. Nilidhani ni jambo jepesi, kwani sisi watumishi wa serikali hatukosi maneno juu ya maendeleo. Lakini kila nilipoketi kuandika, nilikumbuka jambo moja nililolifanya kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeona ni heri niwasimulie hilo kuliko kuwasomea taarifa ya idara.

Mnamo mwaka 2014 nilikuwa ofisa wa mapato katika halmashauri moja ya mji, ambayo sitaitaja. Siku moja niliwekewa mezani orodha ya wadaiwa sugu. Walikuwamo wenye maduka, wenye gereji, wenye nyumba za wageni, na katikati yao zahanati moja. Nilitia sahihi hati zote za kufungia biashara bila kuzisoma moja moja. Kesho yake mgambo walikwenda na makufuli.

Jioni ile nilipigiwa simu na mwenye zahanati. Ndugu zangu, alikuwa mwenzetu. Tulilala bweni moja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini, na kama si yeye kunielekeza Kemia usiku kwa taa ya chemli, huenda nisingekwenda Chuo Kikuu. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Kaka, mle ndani kuna friji ya chanjo, na umeme wa mtaa huu unaujua. Tena kesho asubuhi ana zamu mama mmoja wa kubadilishiwa kidonda. Nimwambie nini?"

Sikuwa na jibu. Kufuli ilikaa siku tatu, mpaka alipokopa akalipa. Ameniruhusu niseme haya, naye yumo humu bwaloni, lakini jina lake nitaliweka akiba.

Baada ya hapo nilimwomba aniletee risiti zake zote. Alikuja nazo ndani ya bahasha ya khaki, tukazipanga juu ya meza. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kazi ambayo nilikuwa nikilipwa mshahara kuifanya.

Ilikuwapo ya ushuru wa huduma. Ilikuwapo ya bango, yaani kile kibao chenye msalaba kinachomwonyesha mgonjwa njia. Ilikuwapo ya kuzoa taka, ingawa taka za tiba, kama sindano na pamba zenye damu, alikuwa akizipeleka mwenyewe kuchomwa kwa gharama yake. Ulikuwapo mchango wa maabara za shule za kata, ambao mtakumbuka mwaka ule ulipita nchi nzima. Na mwisho ilikuwapo karatasi ya mwenye nyumba, ikisema kwamba kwa kuwa kodi ya majengo imepanda, pango nalo linapanda kuanzia mwezi ujao.

Ndugu Mwenyekiti, naomba nirudi nyuma kidogo ili tuelewane. Zahanati hizi za watu binafsi si za siku nyingi. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia uganga wa kibinafsi wa kutafuta faida, ikawaachia mashirika yaliyokubaliwa, hasa ya dini. Mwaka 1991 sheria ile ilirekebishwa, na waganga wakaruhusiwa tena kufungua vituo vyao. Wengi hawakuwa na mtaji wa kujenga. Walipanga: vyumba viwili vitatu mbele ya nyumba ya mtu, au upande mmoja wa jengo la maduka.

Halmashauri nazo zina historia yake. Zilivunjwa mwaka 1972 wakati wa madaraka mikoani, zikarudi kwa sheria za mwaka 1982, na moja ya sheria hizo, ile ya Fedha za Serikali za Mitaa, ndiyo inayozipa uwezo wa kutoza ushuru. Kwa hiyo mganga aliyetoka kupanga vyumba mwaka 1991 au baadaye alikuta milango miwili inamsubiri: wa halmashauri na wa mwenye nyumba.

Hapa lugha yetu yenyewe inatuchanganya. Tunasema "kodi" kwa fedha anayolipwa mwenye nyumba, na tunasema "kodi" kwa fedha inayolipwa serikali. Mpangaji akiambiwa kodi imepanda, hajui ni ipi. Na mara nyingi ni zote mbili, moja ikiwa imejificha ndani ya nyingine. Kodi ya majengo kisheria ni ya mwenye jengo. Lakini mwenye jengo anaijumlisha katika pango, na mpangaji anailipa bila risiti wala shukrani. Tangu mwaka 2021, ilipoanza kukusanywa kwa njia ya LUKU, jambo hili limekuwa wazi zaidi: anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na katika nyumba ya kupanga anayenunua umeme ni mpangaji. Ilipoanza ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni kiasi kidogo, lakini ni mfano mzuri wa jinsi deni lililoandikwa jina la mmoja linavyotoka mfukoni mwa mwingine.

Wengine mtaniuliza: kwani zahanati ina tofauti gani na duka? Duka nalo limepanga, nalo linatozwa. Hata mimi nilifikiri hivyo siku ile nilipotia sahihi. Nitataja tofauti mbili.

Ya kwanza ni kuhama. Mwenye duka akibanwa na pango, anabeba bidhaa zake kwa mkokoteni, anahamia mtaa wa pili. Mwenye zahanati hawezi. Kituo chake kimesajiliwa kwa jengo lile. Akihama, jengo jipya sharti likaguliwe upya: vyumba, maji, choo, mahali pa kutupia taka. Na katika jengo la zamani ameacha sinki alilolifunga, vigae alivyovibandika na ukuta alioujenga kugawa chumba cha sindano, vyote kwa fedha zake, vyote sasa mali ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba analijua hilo. Kwa hiyo kila ushuru unaomgusa yeye anaweza kuusukuma kwa mpangaji, akijua mpangaji hana pa kwenda.

Ya pili ni namna ushuru wenyewe unavyohesabiwa. Kwa miaka mingi ushuru wa huduma ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Tufanye mfano. Zahanati inayoingiza shilingi 5,000,000 kwa mwezi inaingiza 60,000,000 kwa mwaka, na ushuru wake ni 180,000. Mtasema si nyingi, nami nakubali. Lakini angalieni: ni asilimia ya mauzo, wala si ya faida. Mwaka ambao dawa zimepanda bei na mganga amepata hasara, ushuru uko pale pale. Isitoshe, sehemu ya mauzo hayo ni madai ya bima ambayo bado hayajalipwa, na nyingine ni deni la jirani aliyemleta mtoto na degedege saa nane usiku akaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Duka linaweza kuandika ukutani "leo fedha kesho mkopo". Mganga hawezi kulibandika hilo mlangoni akabaki mganga.

Ndugu zangu, sikuja hapa kuisema vibaya kazi yangu. Ushuru ndio unaojenga. Sheria tangu mwaka 2018 imezitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya kinamama, vijana na watu wenye ulemavu. Zahanati za vijiji na kata zinajengwa kwa fedha hizo hizo za ndani pamoja na nguvu za wananchi. Halmashauri isiyokusanya ni halmashauri ya kuombaomba. Ninachosema ni hiki: haina maana kukusanya fedha za kujenga zahanati mpya kwa njia inayoifunga iliyopo.

Nasi ndivyo tulivyofanya. Mwaka uliofuata mwenzetu aliona hawezi tena. Alihamisha kituo chake nje ya mji, kwenye kiwanja alichojenga polepole. Vyumba vile vya mjini viligeuzwa kuwa duka la vipuri. Halmashauri yetu ikapata ushuru wa vipuri, na wakazi wa mtaa ule wakawa wanapanda daladala kwenda kupimwa malaria. Hakuna kitabu chetu cha hesabu kilichoonyesha nauli ile. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulioketi mezani tuliuona mwepesi kwa sababu hatukuubeba.

Nini basi kifanyike? Nina mambo manne, na yote yanawahusu watu waliomo humu ndani.

La kwanza ni kwa wenzangu wa halmashauri. Mdaiwa apewe hati moja kwa mwaka, yenye kila ushuru na sheria au sheria ndogo inayouhusu. Mchango wa hiari uandikwe karatasi yake mbali, maana hiari iliyochanganywa na deni inakoma kuwa hiari.

La pili, kituo cha tiba kisifungwe kwa sababu ya deni kabla ya Mganga Mkuu wa Wilaya kuulizwa. Deni lidaiwe, hata mahakamani. Alipe kwa awamu, kila robo ya mwaka. Lakini kufuli isiwekwe juu ya friji ya chanjo.

La tatu ni kwa wanasheria, ambao shule hii imetoa wengi. Wasaidieni waganga hawa kupata mikataba ya maana. Wengi wana karatasi moja ya mwaka mmoja, isiyosema kodi ya majengo ni ya nani wala matengenezo yatafidiwaje. Mkataba wa miaka mitano, unaotaja nani analipa nini na pango litapanda kwa kiasi gani, hauhitaji sheria mpya. Unahitaji Jumamosi moja ya mtu aliyesoma.

Na ninyi waganga, tunzeni vitabu. Asiye na vitabu hukadiriwa, na nawaambieni kama mtu aliyewahi kukadiria: sisi hatukadirii chini.

La nne ni kwa wenye nyumba. Najua mmo, na baadhi yenu magari yenu nimeyaona pale nje. Sisemi mpangishe bure. Nasema kodi ya jengo lako uilipe wewe, na mganga akikujengea ukuta, umhesabie katika pango.

Ndugu Mwenyekiti, sasa ninasimamia idara kubwa kidogo kuliko ile. Bado napelekewa orodha za wadaiwa, na bado natia sahihi. Lakini tangu mwaka ule huwa nazisoma, jina moja moja, na nikiona zahanati nanyanyua simu kwanza. Ni jambo dogo, na halitoshi, kwa kuwa siku nikistaafu atakuja mwingine asiye na mwenzake wa bweni katika orodha. Ndiyo maana nataka liwe utaratibu, lisibaki kuwa huruma ya mtu.

Yule mwenzetu nilimwomba radhi zamani. Aliniambia, "Yamekwisha." Leo naomba radhi mbele yenu, maana alipofungiwa hakufungiwa peke yake.

Naomba nikomee hapo.