Samadi ya Kuku Kando ya Mashamba ya Chumvi

Ukifika kwenye mashamba ya chumvi, chota maji kwa glasi uyaelekeze penye mwanga. Huenda ukaona vidudu vyembamba, urefu kama sentimita moja, vikiogelea chali huku miguu ikipiga maji bila kupumzika. Hao ndio artemia, jamaa wa kamba na uduvi. Watoto wao wanaoanguliwa, wasiofika hata milimita moja, ni chakula cha kwanza cha vifaranga vya kamba na samaki wengi wa kufugwa.

Mbegu yao kutoka San Francisco, Marekani, ilipandikizwa huku kwetu Gongoni, kaskazini mwa Malindi, katika miaka ya 1980. Miaka hiyohiyo ilianza kufugwa Vinh Chau, kusini mwa Vietnam, na wakulima wa chumvi wa huko wamefika mbali kwa samadi ya kuku.

Artemia huchuja maji na kumeza chembe ndogondogo zilizomo. Kwa hiyo unayemlisha hasa ni maji. Samadi ikioza hutoa naitrojeni na fosforasi, vijimea visivyoonekana kwa macho vinaota, maji yanakuwa kijani. Vinh Chau wana bwawa la pembeni kwa kazi hiyo, lenye maji ya bahari ya kawaida. Kijani kikikolea, wanayapeleka kwa pampu kidogokidogo hadi kwa artemia, kwenye chumvi ya gramu 80 na zaidi kwa lita. Ukali huo huwazuia samaki ambao wangewamaliza.

Lakini tafadhali, usizidishe. Usiku vijimea huvuta oksijeni, bakteria wanaoozesha samadi nao huivuta, na maji ya chumvi kali hubeba oksijeni kidogo tangu mwanzo. Nenda bwawani alfajiri. Ukiona artemia wamegeuka wekundu, hewa imewapungukia: simamisha samadi.

Kwenye bwawa la kijani, zamisha mkono. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, chakula kipo. Maji yakiwa meupe, jua hufika chini na kuotesha mwani wa nyuzi, ambao artemia hawezi kuumeza. Ndiyo maana wakulima wale huingia bwawani na reki, wakakwangua sakafu.

Mavuno yenyewe ni mayai ya artemia: yakitagwa, huelea kama vumbi la mbao, na upepo huyasukuma ukingoni. Yachote kila siku kwa wavu wa matundu madogo sana, kabla hayajakaukia kwenye tope.