Fidia kwa Waathirika wa Ajali za Mwendokasi katika Wilaya za Mbinga na Nyasa

Ajali ya mwendokasi ni ile inayotokea dereva anapopita kasi iliyowekwa kisheria, au kasi ambayo barabara yenyewe haiihimili. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa penye makazi, na 80 kwa mabasi na malori yanayozidi kilo 3,500. Hayo yanafahamika. Lami ya Songea hadi Mbamba Bay imefupisha safari, lakini inashuka milima ya Umatengo kwa kona kali kabla ya kufika Ziwa Nyasa. Na kuanzia Kitai kwenda Songea, malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka hupita barabara hiyo hiyo pamoja na bodaboda na wanafunzi.

Mwathirika ana njia tatu. Katika kesi ya jinai, mahakama inaweza kumwamuru aliyetiwa hatiani alipe fidia. Njia ya pili ni bima: Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha walau ile inayoitwa bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, na kampuni ikivuta miguu, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ya tatu ni shauri la madai dhidi ya dereva na mwenye gari. Wategemezi wa marehemu wanalindwa na sheria ya Sura ya 310, inayohusu vifo vya ajali.

Tatizo lililokaa miaka mingi bila dawa ni imani kwamba kesi ya trafiki ikiisha, na haki imeisha. Dereva anakiri, analipa faini, anaondoka. Faini hiyo ni ya Serikali, na ndugu waliotoka Liuli kwa nauli ya kukopa wanarudi mikono mitupu bila kuambiwa kwamba wameacha masjala kitu chenye thamani kuliko faini: nakala ya hukumu. Sheria ya Ushahidi inaifanya hukumu ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, kuwa ushahidi usiopingika katika madai. Upande wake wa pili ni mchungu. Dereva akiachiwa huru kwa kuwa shahidi hakufika, hukumu hiyo nayo inambeba yeye. Shahidi asiyepewa nauli ya kufika mahakamani anaweza kuizika fidia ya familia nzima.

Mengine huharibikia msibani. Tajiri wa gari huja na jeneza na gunia la mchele, jambo la utu lisilopaswa kubezwa. Kisha hutolewa karatasi ya daftari: "Tumemalizana, hatuna madai mengine." Mjane, kidole gumba kimepakwa wino wa kalamu, anagandamiza. Karatasi hiyo ndiyo wakili wa upande wa pili atakayoitoa mahakamani. Wengine hukimbilia Mahakama ya Mwanzo, isiyo na mamlaka juu ya madai ya uzembe, na kupoteza muda, ilhali Sheria ya Ukomo inaweka miaka mitatu tu ya kufungua madai hayo.

Bila kulaumu chombo chochote, inapendekezwa kwamba mwendesha mashtaka aombe amri ya fidia kila dereva anapotiwa hatiani, na hakimu aieleze familia haki ya kudai kabla haijatoka mahakamani. Fomu ya polisi ya PF3, ramani ya ajali na nakala ya hukumu zitolewe Mbinga na Mbamba Bay kwenyewe. Taarifa za bima ya gari zichukuliwe siku ya ajali, na jina lililo kwenye kadi ya gari liandikwe, kwani magari mengi huuzwa bila kubadilishwa umiliki. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wafike misibani mapema, na watendaji wa vijiji wasigonge muhuri karatasi ya kumalizana kabla ya majeruhi kutoka hospitali. Mashahidi walipwe nauli. Na, kwa mara nyingine, nakala ya hukumu ikabidhiwe kwa familia siku ile ile inaposomwa.