Dishi Linaloshika Vibaya: Angalia Kabla ya Kununua

Mazungumzo na wakazi wa Mantapala, Wilaya ya Nchelenge



Dishi, au parabole kama wengi wetu tunavyoita, likishika vibaya, picha hukatika vipandevipande na habari za nyumbani hazisikiki. Ukiuliza sokoni utaambiwa: nunua dishi kubwa, nunua kifaa cha kuongeza nguvu. Pesa hiyo ni ya chumvi, sabuni na daftari za watoto. Kwa hiyo leo ninasema jambo moja: kwanza angalia, ndipo ununue.

Setilaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Sisi huku kwenye Ziwa Mweru tuko kusini mwa ikweta kwa digrii 9 hivi. Kwa mfano, setilaiti ya digrii 36 mashariki, inayorusha chaneli nyingi za kulipia, iko kaskazini-mashariki yetu, juu sana, kama digrii 76, karibu na utosi. Ukikosea digrii moja tu, dishi linatazama kilomita zaidi ya 600 pembeni ya setilaiti. Basi fuateni hatua hizi.

Kwanza, nguzo. Iwe wima na isitikisike. Funga jiwe kwenye uzi, uning'inize kando ya nguzo, utazame pande mbili. Nguzo ikiinama, kipimo cha digrii kilicho nyuma ya dishi kinadanganya.

Pili, vizuizi. Tawi la mwembe lililokua mbele ya dishi huzuia mawimbi, hasa majani yakiwa na maji.

Tatu, waya. Zima king'amuzi kwanza. Hewa ya ziwa ina unyevu, na shaba hugeuka kijani au nyeusi. Kata sehemu iliyooza, funga kiungo upya, na hakikisha nyuzi za nje hazigusi shaba ya katikati. Zungushia utepe wa plastiki. Acha waya uning'inie kidogo chini ya kiungo ili maji yadondoke hapo.

Nne, betri. King'amuzi hupeleka volti 13 au 18 kwenye kichwa cha dishi, yaani LNB, ili kuchagua kundi la chaneli. Ukipata baadhi ya chaneli na nyingine zimepotea kabisa, usikimbilie kugeuza dishi. Huenda betri ya sola imechoka au waya umeoza.

Tano, kulenga. Hii ni kazi ya watu wawili: mmoja kwenye dishi, mwingine kwenye televisheni. King'amuzi huonyesha mistari miwili, nguvu na ubora. Fuateni ubora. Legeza boliti kidogo, sogeza dishi kwa unene wa kucha, subiri sekunde chache, kisha sogeza tena. Ubora ukifika juu kabisa, zungusha na kichwa cha dishi taratibu. Kaza boliti kwa zamu huku mwenzako akitazama, maana dishi huhama wakati wa kukaza.

Kifaa cha kuongeza nguvu hakirudishi ubora uliopotea kwenye dishi. Hukuza mazuri na mabaya pamoja. Dishi kubwa husaidia kweli: la sentimita 90 hukusanya mara 2 na robo ya lile la sentimita 60. Lakini likilengwa vibaya, ni hasara.

Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua kubwa hukata picha. Msiguse dishi, mvua ikipungua picha hurudi yenyewe. Chomoeni waya kabla radi haijaanza kunguruma; ikinguruma, mtu yeyote asipande juu ya paa. Picha inaweza kusubiri.

Mwenye kujua amsaidie jirani yake.