Watu wa Yeriko Walipanda Kujenga

Somo: Nehemia 3:1-32, 4:13, 5:1-13, 6:15



Masomo yamefungwa na vakansi kubwa imefika. Katika nyumba nyingi za Luberizi swali ni moja: watoto watafanya nini miezi hii miwili? Wengine wanaomba kwenda Bukavu kwa shangazi yao. Vijana wakubwa wanasikia habari za machimbo ya dhahabu ya Misisi na Kamituga, na mioyo yao imekwisha kwenda huko kabla ya miguu. Wazazi wanasema, "Pandeni Lemera, mkasaidie babu na nyanya." Na mtoto anajibu, "Nimekosa nini hata mnipeleke kule?"

Neno hilo la mtoto linastahili jibu. Tusimjibu kwa kelele, tumjibu kwa Biblia.

Fungueni Nehemia sura ya 3. Wengi huiruka sura hii, kwa kuwa wanaona majina tu: fulani mwana wa fulani alijenga hapa, na baada yake fulani akajenga pale. Lakini Roho Mtakatifu hakuandika majina hayo bure. Ni orodha ya jamaa zilizofanya kazi pamoja katika mji mtakatifu, wakati wa kiangazi.

Nasema kiangazi kwa sababu Nehemia 6:15 inatupa hesabu. Ukuta ulimalizika tarehe 25 ya mwezi wa Eluli, baada ya siku 52. Eluli huangukia kati ya Agosti na Septemba. Huko Yerusalemu miezi hiyo ni ya jua na vumbi, mvua hakuna, kama Julai na Agosti yetu. Siku 52, wapendwa! Vakansi yetu ina siku zaidi ya hizo. Kwa siku chache kuliko vakansi ya mtoto wa shule, Mungu alisimamisha ukuta uliokuwa umelala chini miaka mingi.

Jambo la kwanza: tazameni mstari wa 2. Watu wa Yeriko walijenga. Yeriko iko chini, katika bonde la Yordani, karibu na mahali mto ule unapoingia katika Bahari ya Chumvi. Yerusalemu iko juu mlimani. Sisi tunaifahamu hali hiyo vizuri. Tuko chini katika tambarare ya Ruzizi, mto unaoshuka kuingia Ziwa Tanganyika, na tukiinua macho tunaiona milima ambayo Lemera iko ndani yake. Basi watu wa bondeni waliacha mashamba yao wakapanda. Tena ukuta wa Yerusalemu haukulinda hata nyumba moja ya Yeriko. Mwizi akija Yeriko, ukuta ule ungewafaa nini? Lakini walijua kwamba pale juu ndipo jina la Mungu wao lilipotajwa, ndipo baba zao walipoabudu. Mahali palipokuzaa kiroho hapawezi kubomoka nawe ukasema hapakuhusu.

Na sisi tuna mahali petu. Mwaka wa 1921 wamisionari Wapentekoste kutoka Uswidi walifika Uvira. Kutoka kandokando ya ziwa Injili ilipanda milimani, na Lemera ikawa kituo kikubwa: kanisa, shule na hospitali. Kuta zile hazikusimamishwa na Waswidi peke yao. Kuna watu waliobeba mawe, waliochota maji, waliofyatua matofali na kupika chakula cha wafanyakazi. Wengi wao ni babu na nyanya za watu wanaonisikiliza asubuhi hii. Majina yao hayako katika vitabu. Yako mbele za Mungu, kama majina ya sura hii ya 3.

Watu wa mbali wanalijua jina la Lemera kwa sababu ya mapatano ya vita ya Oktoba 1996. Sisi tunaukumbuka mwezi huo kwa uchungu mwingine. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, na wagonjwa wakauawa vitandani, pamoja na wauguzi. Yule aliyekuwa daktari mkuu pale, Denis Mukwege, baadaye alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu, na mwaka wa 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini sikieni mwanzo wa habari yake, kama alivyoieleza yeye mwenyewe. Baba yake alikuwa mchungaji Mpentekoste. Mtoto alifuatana na baba yake kuwaombea wagonjwa, akamwuliza kwa nini haombi na kutoa dawa pia. Baba akamwambia kwamba kutoa dawa si kazi yake. Mtoto akakusudia moyoni kuwa yule anayetoa dawa, na mwaka wa 1983 alikwenda Lemera akiwa daktari kijana. Wito ule haukuanzia darasani. Ulianzia njiani, mtoto akitembea karibu na baba yake katika kazi ya baba yake.

Hilo ndilo jambo la pili: walifanya kazi jamaa kwa jamaa. Mstari wa 12 unamtaja Shalumu, mkuu wa nusu ya wilaya ya Yerusalemu, yeye na binti zake. Alikuwa mtu wa cheo, lakini hakukaa kivulini akiwatuma watoto. Katika 4:13, hatari ilipokuja, Nehemia aliwapanga watu kwa jamaa zao. Wazazi, mtoto anakataa Lemera kwa sababu gani? Mara nyingi ni kwa sababu tumeifanya kuwa adhabu. Akishindwa mtihani, "Utakwenda Lemera!" Akitukana, "Utakwenda Lemera!" Basi mahali patakatifu pa wazee wetu pamekuwa gereza midomoni mwetu. Baba, panda pamoja naye, hata kwa juma moja tu. Mwonyeshe shamba ulilolima ukiwa na umri wake. Mpure maharage pamoja, mloweke mihogo pamoja, mpange tanuru ya matofali pamoja. Jioni, mkiwa mmechoka, nyanya atamweleza ni nani aliyewahubiria kwanza na walilipa gharama gani kwa ajili ya kumfuata Yesu. Habari hizo hazisimuliwi kwa mgeni aliyekuja kupiga picha. Husimuliwa kwa mtu anayeshika jembe.

Tena Shalumu alikuwa na binti. Hapa kwetu binti hubeba kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na kaka yake anatangulia mikono mitupu, akitazama simu. Biblia haikuwaandika binti za Shalumu ili tupate kuwaongezea mzigo wasichana wetu. Iliwaandika kwa sababu walijenga ukuta uleule wa wanaume, na heshima yao ni ileile. Basi kazi ya nyumba na ya shamba igawanywe. Mvulana achote maji, na msichana apate saa ya kusoma Neno na kupumzika.

Jambo la tatu ni la aibu, liko mstari wa 5. Wakubwa wa Tekoa walikataa kuinamisha shingo zao katika kazi. Watu wa kawaida wa Tekoa walijenga, na mstari wa 27 unasema wakajenga sehemu ya pili. Wakubwa wao wamebaki katika Biblia kwa kosa hilo moja tu. Kijana, diploma haikuvunji mgongo ukiinama. Uzieli alikuwa mfua dhahabu, Hanania alitengeneza marhamu, mikono yao ilikuwa laini, lakini mstari wa 8 unawaonyesha wakishika mawe.

Jambo la nne ni kwa wazee walioko juu, na kwetu wazazi. Someni sura ya 5. Kazi ya ukuta ikiwa inaendelea, kilio kikatokea: watu waliweka rehani mashamba yao na watoto wao ili wapate nafaka. Nehemia alikasirika. Hakusema, "Tumalize kwanza kazi ya Mungu." Alisimamisha mambo akadai haki, kwa maana kazi takatifu haifuniki dhuluma ndani ya jamaa. Mtoto akifanya kazi miezi miwili, kisha baba akauza maharage yote na kumrudisha shuleni bila madaftari, tumemfundisha nini? Tumemfundisha kwamba machimbo ni bora kuliko jamaa. Vijana wengine walioondoka kwenda kwenye dhahabu hawakukimbia jembe. Walikimbia jembe lisilo na sehemu yao. Kwa hiyo semezaneni kabla ya kupanda. Katika beseni kumi za maharage, moja au mbili ziwe za mtoto. Atoe fungu la kumi yeye mwenyewe, auze zinazobaki sokoni, anunue vitu vyake vya shule. Huyo atarudi mwaka ujao bila kusukumwa.

Na habari za njia? Nehemia aliomba, tena akaweka walinzi. Imani haikatazi kuuliza. Waulizeni wazee wa kanisa la huko hali ya usalama, tembeeni mchana, msimtume mtoto peke yake. Kama njia si salama, msiende. Nyanya ashuke, au kazi ya jamaa ifanyike hapa chini. Mstari wa 10, wa 23 na wa 28 zinasema wengine walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe, na hao pia wameandikwa.

Wapendwa, hatuwezi kurithi Lemera kwa kuitaja katika ushuhuda. Wazee wetu waliipokea kwa mikono, nasi tunaipokea kwa mikono. Juma hili, kila jamaa ikae chini, isome Nehemia 3 kwa sauti, kisha iamue mambo matatu: nani atapanda, kazi gani itafanywa, na sehemu ya mtoto ni ipi.

Tuombe. Baba wa mbinguni, uliyewaona watu wa Yeriko wakipanda, waone watoto wetu. Linda njia za mlima. Uwafariji jamaa za waliouawa Lemera. Uwarudishe vijana walio kwenye machimbo. Wape wazee wetu nguvu ya kusimulia, na wana wetu masikio ya kusikia na mikono ya kufanya kazi. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.