HESABU YA MWAMBA UNAOANGUSHWA



Leo twataka kusema habari ya mahesabu yanayofanywa kabla ya kuangusha mwamba migodini, kwa sababu roho za wafanya kazi zimo ndani yake.

Iko namna ya kuchimba shaba ambayo mwamba hauvunjwi wote kwa baruti. Wachimbaji hukata uwazi mpana chini yake. Mwamba ukikosa pa kuegemea hupasuka, ukaanguka kwa uzito wake wenyewe, na watu huyachota mawe kwa chini. Gharama yake ni ndogo, lakini yapasa kujua kwanza: uwazi uwe mpana kadiri gani?

Dennis Laubscher, aliyefanya kazi katika migodi ya Zimbabwe ilipokuwa ikiitwa Rhodesia, alitengeneza kipimo. Chukua eneo la uwazi, uligawe kwa mzunguko wake. Uwazi wa mita 100 kwa 100 una eneo la 10,000 na mzunguko wa mita 400. Jibu ni 25. Jibu hilo hulinganishwa na nguvu za mwamba: ulio dhaifu huanguka kwa jibu dogo, mgumu hutaka kubwa zaidi. Siku hizi kompyuta huugawanya mwamba wote katika vipande maelfu na maelfu, ikahesabu kila kipande kinavyosukuma jirani yake, na kitavunjika lini.

Lakini kompyuta hujibu kwa yale iliyoambiwa. Nguvu za mwamba hupimwa kwa mawe yaliyotolewa katika mashimo membamba, na baina ya shimo na shimo ni kukisia.

Katika mgodi wa Northparkes, Australia, mwamba haukuanguka kama ulivyotazamiwa, na huku chini mawe yakazidi kutolewa. Pengo la hewa likawa kubwa. Tarehe 24 Novemba 1999 mwamba ukaanguka kwa ghafula, mamilioni ya tani. Hewa iliyokuwamo ilisukumwa kwa nguvu katika njia za mgodi, na upepo huo ukaua watu wanne.

Sisi hatuyapingi mahesabu. Twataka yasahihishwe kila siku kwa mambo yanayoonekana. Mawe yanayotoka yapimwe na kuandikwa: yakitoka mengi na juu mwamba haushuki, pengo liko. Mashimo ya kupimia yasiachwe. Na majibu wasomewe wale wanaoingia chini, kwa lugha wanayoifahamu.

Tena mfanya kazi akiona hatari kubwa, aondoke. Hiyo siyo ukaidi. Mkataba nambari 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, wampa mchimbaji haki hiyo, na haki ya kuchagua wajumbe wake wa usalama.

Basi ndugu, popote mnapofanya kazi, mkiambiwa mahali ni salama kwa kuwa hesabu imesema hivyo, ulizeni kwa adabu: imepimwa lini, na nani ameitazama tangu siku ile?