Sikio la Joseph Taylor

Redio uliyoiwasha inanasa mawimbi ya kituo chetu. Zipo pia redio zinazonasa nyota, na leo tunaye Mmarekani aliyezimudu zote mbili: Joseph Taylor.

Taylor alizaliwa mwaka 1941, akakulia shambani New Jersey. Yeye na ndugu yake walipenda kujiundia redio. Siku moja antena waliyoisimika juu ya nyumba ilianguka, ikakata bomba la moshi hadi usawa wa paa. Wazazi hawakucheka.

Mwaka 1974, akiwa mhadhiri Massachusetts, alikuwa na mwanafunzi, Russell Hulse, aliyesaka pulsa kwa darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, iliyokuwa na sahani ya mita 305. Pulsa ni mabaki ya nyota iliyolipuka: uzito wake huzidi wa Jua, upana wake ni wa mji tu. Huzunguka kwa kasi ikimulika mawimbi ya redio kama mnara wa taa pwani. Kila mzunguko, pigo. Hulse aliandika programu, kompyuta ikachambua mapigo na kuacha makelele.

Pulsa moja ilipiga mara 17 kwa sekunde, lakini haikushika saa: mara yawahi, mara yachelewa. Hulse alishuku hesabu zake. Kumbe ilikuwa ikizungukana na nyota nyingine, kila saa 7 na dakika 45.

Einstein alishasema kwamba nyota zikizungukana hutoa mawimbi ya mvutano, nayo huondoka na nishati. Basi hizi mbili lazima zisogeleane. Taylor na wenzake wakapima mapigo miaka minne. Mwaka 1978 wakatangaza: muda wa mzunguko unapungua, na kwa kiasi kile kile kinachotabiriwa na nadharia ya Einstein. Kila mwaka hupungua sehemu kama 76 tu za milioni ya sekunde! Mwaka 1993 Taylor na Hulse wakapewa Tuzo ya Nobel.

Hata hivyo redio za utotoni hakuziacha. Mwaka 2001 alitoa WSJT, programu inayowawezesha wapenzi wa redio kunasa ishara hafifu mno, hata zinazogonga mwezini na kurudi.

Mzazi unayetusikiliza, mwanao akifungua redio mbovu aone kilichomo, mwache. Ila antena aifunge vizuri.