Tumemjua kwa Lipi?



Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichika. Rehema na amani zimfikie Mtume wake Mtukufu, Muhammad s.a.w., pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, leo tunapenda tukumbushane juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya mara nyingi kwa siku bila kujitambua, nalo ni kumhukumu mtu kwa kumtazama mara moja.

Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alifika mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab r.a., Khalifa wa pili, ili atoe ushahidi. Sayyidna Umar akamweleza kuwa hamjui, na kwamba kutojulikana kwake hakumdhuru kitu, ila amlete mtu anayemjua. Mmoja wa waliohudhuria akasema kuwa yeye anamjua kwa uadilifu na wema wake. Hapo Sayyidna Umar akamwuliza mambo matatu. Kwanza, je, alikuwa jirani yake wa karibu, akajua usiku wake na mchana wake? Akajibu, la. Pili, je, amepata kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu, ambayo kwayo uchaji wa mtu hujulikana? Akajibu, la. Tatu, je, amesafiri naye, kwani safari hudhihirisha tabia? Akajibu, la. Basi Sayyidna Umar akamwambia kuwa hamjui mtu yule, na akamtaka shahidi alete mwingine anayemjua kwa kweli. Katika baadhi ya mapokezi alimwambia pia kuwa labda alimwona tu msikitini akiinama na kuinuka katika sala.

Ndugu wapendwa, tuitafakari hukumu hii. Sayyidna Umar hakusema kwamba yule shahidi ni mwongo, wala hakusema ni mkweli. Alichokikataa ni hukumu isiyokuwa na elimu nyuma yake. Naam, mizani hii inazuia mambo mawili kwa pamoja: kumdharau mtu kwa sura yake, na kumwamini mtu kwa sura yake.

Tuanze na kudharau. Katika zama za Mtume s.a.w. alikuwako mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti. Alipofariki, masahaba walimzika bila ya kumpa habari Mtume s.a.w., kana kwamba jambo lake lilikuwa dogo. Mtume s.a.w. alipomkosa aliuliza habari zake, na alipoambiwa amefariki, aliwauliza mbona hawakumjulisha. Kisha akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia hapo. Watu walikuwa wamemwona mama yule kila siku akiwa na fagio mkononi, lakini Mtume s.a.w. ndiye aliyemwona yeye mwenyewe. Je, sisi tunalijua jina la mzee anayefagia msikiti wetu? Akikosekana siku tatu, nani atakayebisha hodi kwake?

Yako mengine yaliyo mazito zaidi. Qurani Tukufu, katika Sura ya Pili, Aya ya 273, inatufahamisha juu ya mafukara ambao asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri, kwa sababu ya kujizuia kwao kuomba. Tazameni jinsi zaka inavyogawiwa mahali pengi. Anayelia mlangoni hupewa, lakini mjane mwenye buibui safi, aliyewafundisha watoto wake wasinyooshe mkono, hurukwa, kwa kuwa aliyetazama aliona usafi wa nguo akadhani ni dalili ya shibe. Mama huyo hakudanganya mtu. Jicho letu ndilo lililokwenda haraka, na kwa haraka hiyo watoto wamelala njaa ilhali haki yao imo katika mali zetu.

Ama upande wa pili, wa kuamini kwa sura, wahenga wetu walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mara ngapi tunasikia kuwa fedha za ujenzi wa msikiti au za safari ya Hija zimepotea mikononi mwa mtu ambaye hakuna aliyemtilia shaka, kwa kuwa kanzu yake ni nyeupe na alama ya sijda inaonekana usoni mwake? Tukiulizwa kwa nini hatukuandikiana naye, tunasema tuliona haya. Na hali Mwenyezi Mungu, katika Aya ya 282 ya Sura hiyo hiyo, ametuamuru tuandike deni la muda na tuweke mashahidi. Kuandikiana si kumdhania mtu vibaya. Ni kumhifadhi yeye na sisi, ili dhana isipate nafasi. Hata binti anapoposwa, yafaa tuulize kwa majirani wa kijana na kwa waliofanya naye kazi, badala ya kutosheka na mavazi yake au kumkataa kwa kabila lake.

Sasa, ndugu zetu, tuyageuze maswali ya Sayyidna Umar yatuelekee sisi wenyewe. Mwanadamu huwapima wenzake kwa anachokiona, bali nafsi yake huipima kwa nia zake njema. Kwa hiyo hujiona mkarimu kabla hajatoa, na mpole kabla hajaudhiwa. Lau jirani yetu wa ukuta mmoja angeitwa leo kushuhudia jinsi tunavyosema na wake zetu na watoto wetu usiku, angesemaje? Anayetudai, ambaye simu zake hatuzipokei, angesemaje? Na tuliyesafiri naye safari ndefu, gari likaharibika njiani na chakula kikapungua, angesemaje? Hao watatu wanatujua kuliko safu nzima inayotuona tukisali.

Mtume s.a.w. ametufahamisha kuwa muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akala mali ya yule na kumpiga mwingine. Mema yake yatagawanywa kwa aliowadhulumu, na yakiisha, atabebeshwa dhambi zao. Huyo duniani alionekana tajiri wa ibada, na aghalabu mwenyewe pia alijiona hivyo.

Basi tunausiana mambo mawili mepesi kuyasema. Kabla ya kumsema mtu, kwa wema au kwa ubaya, tujiulize tumemjua kwa lipi: kwa ujirani, kwa muamala au kwa safari? Tukiwa hatuna hata moja, tunyamaze au tuulize kwanza. Na kabla ya mwezi huu kwisha, kila mmoja wetu amwendee jirani mmoja, au mtu mmoja anayemdai, amwombe amweleze kwa ukweli jinsi anavyomwona, kisha asikilize bila kujitetea.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, atuonyeshe aibu zetu kabla ya aibu za wenzetu, na aifanye batini yetu kuwa bora kuliko dhahiri yetu. Amin.